Daktari Akiacha Uozo Ndani ya Jino, Hajakosea

Mama mmoja niliyekaa naye kwenye benchi la kliniki ya meno alikuwa amekasirika hasa. Mwanawe wa miaka saba alikuwa ametoka kuzibwa gego, na kabla jino halijafunikwa daktari alimwita mama atazame kwenye kioo kidogo. Kingo za tundu zilikuwa nyeupe, safi. Chini kabisa palibaki rangi ya kahawia, kama chai iliyokauka kikombeni. "Kaacha uchafu, kisha kafukia," aliniambia. "Kwangu mimi huko ni kulipua kazi."

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Leo ninalo, na ni refu kidogo, kwa sababu linagusa jambo ambalo wengi wetu tumefundishwa kinyume: kwamba jino bovu lazima lisafishwe mpaka liwe jeupe pe, na lisiposafishika ling'olewe. Daktari yule alifanya kazi nzuri. Na sehemu ya maarifa aliyoyatumia ilianzia hapa hapa kwetu, Dar es Salaam, miaka ya katikati ya 1980.

Tuanze na tundu lenyewe. Tumekua tukisikia habari za wadudu wa meno, hata mabango mitaani bado yanawataja. Hakuna mdudu anayetafuna jino. Kuna ukoga, ule utando unaoteleza ukiupitishia ulimi asubuhi, na ndani yake bakteria wanaoishi kwa sukari. Wakila, hutoa asidi. Kiwango cha pH (kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) juu ya jino kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, huanza kupoteza kalisi na fosfati. Mate huja nyuma yake, yakaipoza asidi na kurudisha madini. Kazi hiyo ya kuchukuliwa na kurudishiwa haikomi maishani mwako, na kila unapotia kitu chenye sukari mdomoni, mate huhitaji nusu saa au zaidi kuweka mambo sawa. Ndiyo maana mtu anayekunywa soda moja kwa mafunda madogo madogo kuanzia saa nne hadi saa kumi hujiumiza kuliko yule aliyeinywa yote wakati wa chakula. Sukari ni ile ile, ila mate ya huyu wa kwanza hayapewi nafasi.

Mate yakizidiwa kwa miezi, alama ya kwanza si tundu. Ni doa jeupe, lisilong'aa, kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi. Hapo jino bado halijatoboka na linaweza kurudishwa kwa mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza mara za kula sukari. Hakuna cha kuchimba wala kuziba. Natamani kila mzazi alijue doa hilo kama anavyoijua homa.

Doa lisiposhughulikiwa, uso wa enameli huporomoka, na enameli ikishavunjika haioti tena. Seli zilizoijenga hufa kabla jino halijachomoza. Chini yake kuna dentini, nayo ni hai: imejaa vijitundu vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, pale penye neva na damu, panapoitwa mtaani "mshipa". Kiini kikihisi hatari huanza kujijengea ukuta mpya kwa ndani. Kwa hiyo jino hujitetea, na daktari akiingia kwa pupa anaweza kuuharibu utetezi huo.

Sasa tufike kwenye ile rangi ya kahawia. Mtafiti wa Kijapani Takao Fusayama na wenzake walionyesha kwamba dentini iliyooza ina tabaka mbili. Ya juu ni laini, ina unyevu, imejaa bakteria, na nyuzi zake za protini zimekwisha kusambaratika. Hiyo haiponi. Ya chini imepoteza madini na imebadilika rangi, lakini nyuzi zake bado zimesimama kama nguzo za nyumba iliyobanduka udongo. Bakteria humo ni wachache. Ukiikwangua kwa kijiko cha daktari haitoki kama uji. Inakwaruzika kama ngozi ya kiatu. Tabaka hii, ikipewa nafasi, hurudishiwa madini na kukakamaa tena.

Na wale bakteria wachache waliobaki? Hapo ndipo mama yule alipokwama, na ni haki yake kuuliza. Bakteria hao wanategemea sukari ipitayo mdomoni. Tundu likizibwa barabara, mlango wa chakula umefungwa. Wengi hufa, waliobaki hulala. Marekani, katika chuo cha tiba cha Georgia, Eva Mertz-Fairhurst na wenzake waliacha uozo ndani ya meno kwa makusudi, wakayafunika kwa vizibo vilivyogandishwa na kuzibwa kingo zote, kisha wakayafuatilia kwa miaka 10. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: chini ya vizibo vilivyobana, uozo haukuendelea. Mwaka 2016 jopo la kimataifa la wataalamu wa kuoza kwa meno likachapisha makubaliano yanayoelekeza kitu kile kile. Kingo za tundu zisafishwe hadi penye ugumu, kwa sababu ndipo kizibo kinaposhika. Sakafu iliyo jirani na kiini isikwanguliwe mpaka mwisho, kwa sababu kukitoboa kiini ni hatari kubwa kuliko kuacha dentini ya kahawia chini ya kifuniko.

Kwa nini basi kwa zaidi ya karne moja madaktari walichimba sana? Tusiwalaumu. G. V. Black wa Chicago, ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kilitawala vyuo vya meno duniani, alikuwa na amalgamu mkononi, ule mchanganyiko wa fedha na zebaki unaoacha jino na rangi ya kijivu. Amalgamu haigandi kwenye jino. Ili isichomoke, lazima tundu lichongwe liwe pana chini kuliko mdomoni, kama mtungi. Pia Black alipanua tundu hadi kwenye mifereji mizima ya upande wa kutafunia ili pasiharibike baadaye. Kwa vifaa na maarifa ya zama zake ilikuwa hesabu sahihi. Lakini gharama yake hujitokeza taratibu. Kizibo cha kwanza kikichakaa, cha pili huwa kikubwa zaidi, cha tatu hula ukuta, kisha huja kofia ya jino, kisha tiba ya mzizi (ile ya kuua mshipa), kisha koleo. Kila ukarabati hupunguza nyumba yenyewe.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, New York, alipogundua kwamba enameli ikipakwa asidi kidogo huparuzika kiasi cha resini, aina ya plastiki ya kuzibia, kuishika vizuri. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, Alan Wilson na Brian Kent wa London wakatengeneza glasi-ayonoma, saruji ya unga wa kioo na asidi inayoungana na jino lenyewe kikemia na kutoa floraidi polepole. Vizibo vilivyojua kushika viliondoa sababu ya kuchonga mtungi. Ukitoa kilichooza tu, inatosha.

Hapo ndipo Tanzania inapoingia.

Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa shule ya udaktari wa meno pale Muhimbili, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daktari Mholanzi Jo Frencken na wenzake walikabiliwa na swali ambalo kila mtu wa kijijini analijua. Mashine ya meno inataka umeme, maji ya bomba, fundi na vipuri. Mgonjwa yupo mahali pasipo hata kimoja. Kwa hiyo jino lililotoboka lilikuwa na njia mbili: kuachwa liume, au kung'olewa. Wao wakajaribu njia ya tatu. Wakatumia vifaa vya mkono peke yake, wakatoa uozo laini, wakaziba kwa saruji inayoshika. Njia hiyo dunia inaijua kwa herufi ART (Atraumatic Restorative Treatment), na maana yake ni tiba ya kuziba jino bila kulitesa. Kutoka hapo ilipelekwa kwenye majaribio makubwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza katika Siku ya Afya Duniani.

Niieleze kwa karibu, maana kuiona ni kuielewa. Mtoto analala chali juu ya meza mbili za darasani zilizounganishwa, kanga imekunjwa chini ya kichwa. Daktari anakaa nyuma ya utosi wake, mwanga wa dirisha ukiingia mdomoni. Vipande vya pamba vilivyoviringishwa vinawekwa kati ya shavu na fizi ili mate yasifike. Kama mdomo wa tundu ni mdogo, daktari anaingiza ncha ya kipatasi na kuizungusha kulia na kushoto. Enameli isiyo na kitu chini yake inamomonyoka yenyewe kwa mlio mdogo kama wa chumvi ya mawe. Kisha kijiko, chenye kichwa kidogo kuliko punje ya mchele, kinapita kwanza pembeni, chini ya enameli, mpaka pakwaruze. Sakafuni kinapita kwa upole. Kinachotoka ni kama unyevu wa muhogo uliochacha. Sindano ya ganzi mara nyingi haihitajiki, kwa kuwa tabaka ile laini imekwisha kufa na haina maumivu.

Halafu kasi inabadilika. Tundu linapakwa asidi hafifu kwa sekunde 10 hadi 15, linaoshwa kwa pamba yenye maji, linakaushwa. Unga wa saruji na tone la kimiminika chake vinakorogwa chini ya nusu dakika, kwa sababu ikianza kupoteza mng'ao haishiki tena. Inajazwa, na daktari anapaka mafuta ya mgando kwenye kidole cha glavu, anakandamiza juu ya jino zima. Kidole hicho kinafanya kazi mbili: kinaingiza saruji tunduni, na kinaisukuma iingie kwenye mifereji jirani ambayo bado haijatoboka, ikailinda. Mtoto anauma, ziada inakwanguliwa, anaambiwa asile kwa saa moja. Nimeona mtoto akiinuka na kuuliza sindano itachomwa saa ngapi.

Haidumu milele, wala haifai kila tundu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kwenye meno ya utotoni, kizibo cha ART kilicho upande mmoja wa jino huwa bado kipo baada ya miaka miwili kwa zaidi ya meno tisa kati ya kumi. Tundu likiwa limekula pande mbili, katikati ya jino na jino, idadi hushuka hadi takriban sita kati ya kumi. Tofauti hiyo ni kubwa, na mzazi anastahili kuambiwa kabla.

Kwa meno ya utotoni yaliyoliwa pande mbili, kuna njia nyingine ninayoipenda kwa uwazi wake. Daktari Norna Hall wa Uskoti alikuwa akivalisha magego ya watoto kofia ndogo za chuma zilizotengenezwa tayari, bila ganzi, bila kuchonga, bila hata kuutoa uozo. Kofia inajazwa saruji, inasukumwa juu ya jino, mtoto anauma mpaka inakaa. Uozo unafungiwa humo mpaka jino lianguke kwa wakati wake. Nicola Innes na wenzake walipochapisha kumbukumbu zake mwaka 2006, wengi walishtuka. Majaribio yaliyofuata yalimpa haki.

Njia ya tatu ni tone la dawa. Kuna kimiminika cha fedha na floraidi, kilichoanza kutumiwa na madaktari wa Japani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ambacho hupakwa juu ya uozo kwa brashi ndogo. Fedha inaua bakteria, floraidi inakaza dentini. Kwa mtoto wa miaka mitatu anayelia akiona koti jeupe, kinaweza kuokoa mwaka mzima wa maumivu. Ila kinageuza uozo kuwa mweusi kabisa, na weusi huo haufutiki. Kwenye gego hauonekani. Kwenye meno ya mbele unaonekana kila anapocheka. Daktari akipaka bila kumwonyesha mzazi picha kwanza, amekosea, hata kama dawa imefanya kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hii, glasi-ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Na jino la mtu mzima ambalo uozo umegusa kiini? Hapa tumezoea maneno mawili: kuua mshipa au kung'oa. Kuna la tatu siku hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika chuo cha Loma Linda, California, Mahmoud Torabinejad alitengeneza dawa ya unga ambayo asili yake ni saruji ya Portland, jamaa ya ile tunayojengea nyumba, ikiwa imesafishwa kwa ajili ya mwili. Ikiwekwa juu ya kiini kilichojeruhiwa lakini bado hai, kiini hujenga dentini mpya chini yake. Wakati mwingine daktari hukata kichwa cha kiini tu na kuacha mizizi ikiwa hai. Jino lililobaki na uhai huhisi, hujitetea na halikauki upesi.

Kila kitu kinategemea kiini kama bado kina nguvu, na hilo wewe mgonjwa unaweza kumsaidia daktari kulijua. Maji baridi yakikuuma kisha maumivu yakaisha ukimeza, kiini bado kinajitetea. Yakiendelea kuuma kwa dakika nyingi, au jino likikuamsha usiku bila kuguswa, kiini kinaelekea kufa. Uvimbe kwenye fizi au shavu, au kijipele kinachotoa usaha, mara nyingi maana yake kimekufa tayari. Hapo kufukia ni kosa, na ni tiba ya mzizi au kung'oa. Na tuache kununua vidonge vya antibayotiki dukani kwa ajili ya jino linalouma. Hata vikituliza siku chache, tundu linabaki lilivyo.

Kuna meno yasiyooza bali yaliyovunjika, kwenye mpira, kwenye ngazi, kwenye bodaboda. Kipande kilichovunjika kikipatikana, kiweke kwenye maziwa au maji safi na ukipeleke. Mara nyingi kinaweza kugandishwa mahali pake kwa resini, na hakuna kizibo kitakachofanana na jino lako kama jino lako. Jino zima la ukubwani likitoka na mzizi wake, lishike upande wa kutafunia, usiliguse mzizi wala usilisugue, lisuuze kwa sekunde chache kama lina mchanga, lirudishe tunduni hapo hapo, uma kitambaa, nenda kliniki. Ukishindwa, litie kwenye maziwa. Nusu saa ya kwanza ni ya thamani sana. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu linaweza kuharibu la ukubwani lililo chini.

Watu wa Arusha, Meru na maeneo mengine ya Bonde la Ufa wana shida ya namna nyingine: meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi nyingi kwenye maji ya utotoni. Wengi huombwa wachongwe meno yote na kuvalishwa kofia. Kabla ya kukubali, uliza kuhusu kusugua tabaka jembamba la juu, kung'arisha, au kupenyeza resini kwenye enameli, njia zinazoacha jino karibu lilivyo. Wala usiogope dawa ya meno yenye floraidi ukubwani. Madoa hayo hujengeka jino likiwa bado linaumbwa ndani ya taya, si baada ya hapo.

Nikimwona tena yule mama, hayo ndiyo nitakayomwambia, na nitamwongezea jambo moja kuhusu gego lile lililozibwa. Mtoto wa miaka saba mwenye gego la nyuma kabisa, nyuma ya magego mawili ya utotoni, huwa na jino lililoota akiwa na miaka sita hivi. Halikung'oka lolote ili kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utotoni na litaanguka. Halianguki. Ni la kwake mpaka uzeeni, na mifereji yake, ikiwa bado michanga na mirefu, ndiyo inayooza kwanza. Kama una mtoto wa umri huo, washa tochi ya simu leo usiku kabla hajalala, mwambie aachame, uhesabu kutoka katikati: la sita kila upande, juu na chini. Tazama kama mfereji una weusi laini au doa la chaki. Kama lipo safi, mpeleke hivyo hivyo lizibwe mifereji kwa kidole, kabla halijatoboka.